Msichana wa Kwenye Kanda

Promota alikuwa na tabia ya kusema mambo mazito huku akimimina chai. Ndivyo alivyofanya asubuhi ile ofisini kwake, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Alimimina kikombe cha kwanza, akakisogeza upande wa Kishindo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza kama sukari imetosha, "Dramu zitatoka kwenye kanda, dada. Wewe utakaa tu pale, utapungapunga mikono."

Kishindo alikuwa fundi makochi wa miaka hamsini na saba, na mpiga dramu wa bendi ya Kutu tangu siku bendi hiyo ilipozaliwa. Hakukigusa kikombe. Alimgeukia kaka yake, mwimbaji na mpiga gitaa, ambaye watu walimwita Gesi kwa ajili ya kazi yake ya kuchomelea vyuma. Gesi alikuwa anatazama zulia kana kwamba limeandikwa kitu.

"Kanda gani?" Kishindo aliuliza.

"Kanda yenu wenyewe!" Promota alicheka. "Msasa! Albamu inatimiza miaka thelathini na mitatu na watu bado wanaililia. Nitajaza uwanja mzima, dada. Wanataka Msasa kama ilivyokuwa, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mwendo ule ule wa roketi. Sasa, kwa heshima zote, mikono yako..." Aliviangalia vifundo vya vidole vya Kishindo vilivyovimba, akaona haya kumalizia.

"Mikono yangu imefanyaje?"

"Nimesema kwa heshima zote."

"Heshima zote ni nyingi mno. Nipe moja tu, uniambie ukweli."

Promota aliweka birika chini. Akasema ukweli ni kwamba mkataba umeshatiwa saini, maonyesho matano katika miji mitano, na aliyesaini ni kaka yake.

Walishuka ngazi. Huko chini mafundi wa vioo walikuwa wanakata kioo kirefu, na Gesi alisimama kuwatazama mpaka wakamaliza, mtu mzima anayetafuta pa kuficha uso wake.

"Ulijua habari ya kanda?" Kishindo aliuliza.

"Mdogo wangu, tutaongea."

"Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

"Nilijua," Gesi alisema, akashika njia ya karakana yake.

Ili neno hilo likuchome kama lilivyomchoma yeye, lazima ujue Msasa ilivyopatikana. Siku hizo walikuwa watatu tu: Gesi, Kishindo, na Mwalimu, jirani yao aliyefundisha hesabu na ambaye mpaka leo hupiga besi kwa uso wa mtu anayesahihisha mitihani. Walirekodi katika chumba cha nyuma cha karakana, magodoro yameegemezwa ukutani, mashine ya kuazima juu ya meza ya vyuma. Umeme ulikuwa ukikatika saa nane mchana kila siku bila kukosa. Basi walipiga mbio. Kila wimbo ulikimbia kama mtu aliyefukuzwa na mbwa, kwa sababu wote watatu walikuwa na jicho moja kwenye taa ya dari. Wimbo wa mwisho unakatika katikati ya neno, na wachambuzi wameandika mengi kuhusu ujasiri wa ukimya ule. Umeme ulikatika, basi. Gazeti moja lilisema ile ni hasira ya kizazi kizima. Mwalimu alikikata kipande hicho akakibandika chooni kwake.

Halafu kampuni ya muziki ikawaita, ikawaingiza studio yenye zulia mpaka ukutani. Mtaalamu wa sauti alimvalisha Kishindo hedifoni zenye mlio wa kuhesabu, tik, tik, tik, asizidi wala asipungue. Albamu hiyo, Kioo, ilitoka safi kama sahani ya hotelini, na redio ziliipiga mpaka hata mama yao akaomba apumzishwe. Kishindo aliichukia. Hata hivyo, ndani ya zile hedifoni aligundua jambo ambalo hakuwahi kuwa na muda wa kuligundua karakanani: kwamba kati ya pigo na pigo kuna nafasi, na nafasi hiyo nayo ni yake.

Nafasi hiyo ilikuja kumfaa mama yao alipolazwa. Miezi kumi na mmoja. Mkewe Gesi, wifi yake Kishindo, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyeshinda naye mchana, na alikuwa na kinanda kidogo cha betri alichokipakata kwenye benchi la barazani. Wote walikuja pale baada ya kazi, na kwa kuwa wauguzi walishawaonya mara mbili, walitunga nyimbo za kunong'ona, ndefu, zilizojikokota kama saa za hospitali. Mama alipokwisha kuzikwa waliingia studio na Wifi akiwa mtu wa nne. Albamu iliyotoka humo, Chumba cha Kusubiri, ilikuwa na nyimbo ndefu, mmoja wao wa dakika kumi na nne. Kampuni iliwatema. Mashabiki wa zamani walikuja kwenye maonyesho kuzomea kinanda, na jioni moja mmoja wao alimrushia Wifi chupa ya maji. Wifi aliidaka kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiendelea kupiga, akaifungua kwa meno, akanywa, akasema kwenye maikrofoni, "Asante, nilikuwa na kiu." Kuanzia siku hiyo Kishindo hakumwita tena "mke wa kaka".

Baadaye Gesi alipasuliwa koo, na sauti yake ya juu haikurudi. Wangeweza kuacha. Badala yake walilegeza nyuzi za magitaa zikashuka mpaka alipo yeye, Mwalimu akaiacha besi yake ingurume, na hiyo ikawa Maji ya Betri, albamu nzito kama tope, waliyoiuza wenyewe mkono kwa mkono. Na hii ya tano, Mbao, iliyokuwa imekamilika lakini haijatoka, ilianzia kwenye kiwanda kidogo cha Kishindo. Asubuhi moja vidole vilikataa kufumbata fimbo. Daktari alisema apumzike. Kwa hasira akalipiga fremu tupu la kochi kwa kiganja, kisha kwa nyundo ya mpira, na Wifi, aliyekuwa amekuja kuchukua mito yake, akaweka mito chini akasema, "Rudia hapo."

Huo ndio muziki wao. Kila albamu ilikuwa na sura ya miili yao ilivyokuwa mwaka ule. Na sasa mtu anataka akae mbele ya watu elfu kumi, na msichana wa miaka ishirini na minne, yeye mwenyewe wa enzi zile, apige kwa niaba yake.

Alimfuata kaka yake karakanani mchana huohuo. Gesi alikuwa anachomelea geti. Kishindo alisubiri nje ya cheche mpaka alipovua barakoa ya chuma.

"Kwa nini?" alisema.

Gesi alijifuta jasho. "Mara ya mwisho tulipiga kwenye ukumbi wa shule. Watu sitini. Niliwahesabu, mdogo wangu, katikati ya wimbo niliwahesabu. Nataka nisikie uwanja ukiimba mara moja tena kabla sijafa. Ni dhambi?"

"Si dhambi. Lakini utaimba nini wewe? Zile noti za juu huna."

Gesi aliokota brashi ya waya akaanza kusugua geti.

"Kaka?"

"Na yangu itatoka kwenye kanda," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile ambayo kisu cha daktari kilimwachia.

Kishindo alikuwa amekuja na matusi ya kutosha wiki nzima. Yote yalimkauka mdomoni. Aliketi kwenye boksi la elektrodi za kuchomelea kando yake.

"Na Wifi?"

"Kwenye Msasa hayumo. Promota kasema atakaa nyuma ya pazia."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Tangu juzi nakula chakula nilichopika mwenyewe."

Kishindo alicheka bila kupenda. Kisha akasimama, akakung'uta sketi. "Basi nisikilize. Nitakuja mazoezini Jumamosi nimsikie huyo msichana. Nikishamsikia, nitakwambia neno langu la mwisho."

Jumamosi walikusanyika wanne katika chumba kilekile cha nyuma. Magodoro yalikuwa yameshaondoka siku nyingi. Mwalimu aliweka kanda kwenye spika, na Kishindo akaketi kwenye dramu zake, fimbo mapajani, akafumba macho.

Alitegemea kuona wivu. Msichana alikuja mbio kutoka wimbo wa kwanza, mguu wake kwenye dramu kubwa ukidunda kama sungura, matoazi yakilia bila pumzi. Alikuwa hodari, hakuna ubishi. Lakini Kishindo alipozidi kusikiliza, alisikia kitu kingine chini ya uhodari: hofu. Alisikia namna alivyomkaba kaka yake asimpe nafasi ya kupumua. Katika wimbo wa tatu alisikia fimbo ikimponyoka na kugonga sakafu, na yule msichana akiendelea kwa mkono mmoja akijifanya hakuna kilichotokea. Msichana yule hakuwahi kumlisha mama yake kwa kijiko. Hakujua kitu chochote kinaweza kungoja. Kishindo alimpenda, alimwonea huruma, na hakuwa na nia hata kidogo ya kumpisha akalie kiti chake.

"Zima," alisema. "Sitapungapunga mikono mbele ya mtu. Si kwa kanda hii, si kwa kanda yoyote. Tukienda, tutapiga kwa mikono tuliyonayo leo, na Wifi atakaa mbele, si nyuma ya pazia. Msasa wanayo majumbani mwao, haijaharibika, waende wakaisikilize. Wakija uwanjani watatukuta sisi."

"Tutazomewa," Gesi alisema.

"Tulishazomewa."

"Wewe unasema hivyo. Mimi ndiye ninayesimama mbele."

"Mimi nilirushiwa chupa," Wifi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kinanda. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu alipoambiwa habari ya pazia. "Wewe ulirushiwa nini?"

Mwalimu alikohoa. "Kwa hesabu ya haraka," alisema, "wawili wamekataa. Mimi ni wa tatu. Kwa hiyo, bwana mkubwa, kura yako haitabadili jibu, lakini ningependa kuiona."

Gesi alizunguka chumba mara mbili. Aligusa ukuta pale palipokuwa na godoro. Mwishowe alisema, "Atatushtaki," na wote wakajua amekubali.

Kishindo mwenyewe ndiye aliyempigia promota simu, kwa sababu hakutaka aseme hakuambiwa. Promota alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba bendi ifanye ipendavyo, lakini mitambo ni yake na mtu wa mitambo ni wake, na siku ikifika kanda itawashwa. Wasiopiga kufuatana nayo wataumbuka wenyewe.

"Sawa," Kishindo alisema. "Washa."

Siku ikafika. Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umefurika. Watu walikaa mpaka juu ya ukuta wa upande wa magoli. Wengi walikuwa wa rika la Kishindo, vitambi vikiwa ndani ya fulana za ujana wao zenye neno MSASA kifuani. Walikuwa na furaha kama watu waliokuja kukutana na ndugu aliyepotea. Kuwaona hivyo kulimtia Kishindo wasiwasi kuliko zomeazomea yoyote. Hakuwa na chuki nao. Alikuwa anaenda kuwanyima kitu, na alilijua hilo.

Walipanda jukwaani. Kelele ziliwapokea kama ukuta, na alimwona kaka yake akifumba macho, akizinywa. Kabla hajaweza kusema lolote kwenye maikrofoni, mtu wa mitambo alibonyeza alichoambiwa abonyeze.

Dramu zikalipuka. Uwanja mzima ukaruka.

Kishindo aliinua mikono yake. Aliinua yote miwili, juu kabisa, vidole vimeachanishwa, fimbo ziko chini sakafuni, na akakaa vile. Dramu zilinguruma. Matoazi yalilia. Mikono ikabaki juu. Watu wa mbele ndio waliokuwa wa kwanza kuacha kuruka. Walionyeshana vidole. Kisha sauti ya ujana ya Gesi ikapaa kutoka kwenye spika, kali, tamu, na Gesi mwenyewe akapiga hatua mbili nyuma kutoka kwenye maikrofoni, akaufunga mdomo wake na kuuwekea kiganja. Mwalimu aliivua besi yake akaiegemeza mguuni. Wifi aliinuka kwenye kinanda chake, akaja mpaka ukingo wa jukwaa, akafunga mikono kifuani akawatazama watu.

Dakika nzima uwanja ulisikiliza muziki ambao hakuna aliyekuwa akiupiga. Kulikuwa na vicheko, miluzi, mtu akapiga kelele "Wezi!", mwingine akajibu "Nyamaza, tazama!" Mabega ya Kishindo yaliwaka moto, lakini hakuishusha mikono. Aliona promota ubavuni mwa jukwaa akimfokea mtu wa mitambo, kwanza kwa ishara ya kuongeza, kisha kwa ishara ya kukata. Kanda ikafa katikati ya wimbo wa kwanza.

Gesi alirudi kwenye maikrofoni. Sauti yake ya sasa ilitoka nzito, ya changarawe.

"Mliyekuwa mnamsikia ni kijana mmoja niliyemfahamu," alisema. "Alikuwa mzuri. Hakuja leo. Tumekuja sisi."

Kishindo aliinama, akaacha fimbo pale zilipo, akaokota nyundo yake ya mpira na kipande cha ubao wa mninga alichokuja nacho kutoka kiwandani. Wakaanza Msasa, wimbo wa kwanza, uleule, maneno yaleyale, lakini kwa mwendo wa watu wanaopanda mlima wakiwa na mzigo. Kila pigo alilingoja. Pale msichana alipojaza mapigo manane, yeye aliweka moja, na katika nafasi iliyobaki kinanda cha Wifi kiliingia kama maji chini ya mlango. Maneno ambayo zamani yalipita kama risasi, sasa yalisikika. Kumbe wimbo ulikuwa unamhusu baba yao Gesi na Kishindo. Kuna watu waliojua maneno yote kwa miaka thelathini na mitatu na siku hiyo ndiyo wakaelewa yanasema nini.

Si wote walioyataka. "Ongezeni mwendo!" mtu alipaza sauti, na wengi wakamuunga mkono. Zomeazomea ikaanza upande wa magoli ikaenea. Makundi yakaanza kutoka, mengine kwa hasira, mengine, na hili lilimuuma zaidi, kwa huzuni ya kimya. Mwanamume mmoja alivua fulana yake ya MSASA akaitupa jukwaani. Ilianguka juu ya dramu ndogo. Kishindo aliiacha hapohapo, akapiga juu yake, na ule mlio uliofifia kwa kitambaa ukamfurahisha kiasi kwamba akaupiga mpaka mwisho wa wimbo.

Walipiga saa moja na nusu. Nyimbo nne za Msasa, mbili za Chumba cha Kusubiri, na Mbao yote. Walipomaliza, theluthi moja ya watu ilikuwa bado ipo uwanjani. Hao waliobaki walikuwa wamesogea mpaka mbele, wamebanana. Hawakuruka. Kiitikio cha wimbo wa mwisho walikiimba wakiwa wamekisikia mara moja tu, kwa sauti ya chini, elfu tatu na kitu, na Kishindo alimwona kaka yake akigeuka kuutazama uwanja kama mtu aliyesahau kuhesabu.

Magazeti yaliwachana. "Kutu Yala Kutu," moja liliandika, na Mwalimu alikiri kwamba ni kichwa kizuri. Mwandishi mwingine, mmoja tu, alisema amewasikia tangu zamani na hajawahi kuwasikia wakiwa watu wazima mpaka siku hiyo. Promota hakuwashtaki, kwa kuwa wakili wake alimwambia kwamba kanda ingezungumzwa mahakamani, na hakutaka izungumzwe. Alifuta tu ile miji mingine minne.

Gesi ndiye aliyeleta habari hiyo kiwandani Jumatatu asubuhi. Kishindo alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, misumari midogo midomoni, akivuta kitambaa kikaze.

"Yote minne," Gesi alisema. "Kafuta yote."

"Shika hapa," Kishindo alisema kwa upande wa mdomo. "Vuta. Usilegeze."

Gesi alivuta. Kishindo akapigilia misumari sita, taratibu, kila mmoja kwa wakati wake, akisimama kidogo kunyoosha vidole.

"Unajuta?" aliuliza alipomaliza.

"Nililala vibaya siku mbili," Gesi alisema. "Ya tatu nikaamka na wimbo."

"Uimbe."

"Bado haujakaa."

"Nimekwambia uimbe, kaka, mteja anakuja saa tano."

Aliuimba, amesimama katikati ya masponji na mabaki ya vitambaa, kwa sauti yake ya changarawe. Ulikuwa wa kasi kidogo kuliko chochote walichotunga kwa miaka mingi, na ulikuwa na mruko wa ajabu katikati, kama mtu anayevuka mfereji. Kishindo alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Kiitikio ni kibaya," alisema.

"Kibaya vipi?"

"Kimechoka kabla hakijafika. Na huo mruko sitaupiga unavyotaka wewe, kiganja changu hakiwezi. Nitauvuka kwa njia yangu, na wewe ndiye utakayenifuata." Alitema msumari wa mwisho mkononi. "Mpigie Mwalimu. Mwambie Wifi asiache kinanda nyumbani. Sasa anza tena, pale mwanzo."